Kivuli cha Samora

Kila serikali iliyoingia Dar es Salaam imeipamba barabara hii, na kila moja ilianza na jina. Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Waingereza walipoichukua wakaiita Acacia Avenue. Tulipopata uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji, ambaye chama chake cha FRELIMO kilizaliwa mji huu huu mwezi Juni 1962. Sisi tuliokula jasho letu pale tunasema Samora, basi.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili, ghorofa ya pili, meza yangu ikiwa dirishani. Niliingia msichana nikatoka bibi. Kazi yangu ilikuwa viapo, notisi na mikataba ya pango, kwa hiyo majengo mengi ya barabara ile niliyajua kwa namba za viwanja kabla sijayajua kwa sura. Wakubwa wakitangaza kwamba katikati ya mji patafufuliwa, paletwe taa mpya, rangi mpya na vitofali vya pevingi, huwa nasikiliza kwa makini. Nina maneno machache ya kusema kuhusu nini hasa kiliipa uhai barabara ile, na nini kiliunyonya.

Mji wenyewe ni mchanga kuliko unavyojiona. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, na jengo lake moja, Boma la Kale, bado limesimama pale Sokoine Drive, kuta nene za matumbawe na mlango wa kuchonga. Majid alifariki mwaka 1870 na ujenzi ukalala. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo, kwa kuwa bandari ya Dar ina kina na imekingwa na upepo, ilhali Bagamoyo meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka huo huo wakatoa kanuni za ujenzi: karibu na maji zijengwe nyumba za mawe za mtindo wa Ulaya, na vibanda vya makuti vikae mbali kabisa. Kwa hiyo barabara kuu ya Dar haikukua yenyewe kama vichochoro vya Mji Mkongwe kule Unguja, ambako nyumba ilijengwa kwanza na njia ikapita palipobaki. Hii ilichorwa kwa rula, mitaa michache nyuma ya bandari, nayo ilichorwa kwa ajili ya watu fulani.

Jambo moja lakini nawapa haki yao. Walipanda miti. Mtu yeyote aliyewahi kushuka Samora saa saba mchana mwezi wa Februari, wakati upepo umekata na lami inanukia, anaelewa kwa nini. Mwisho wa barabara, upande wa Ikulu, wakafungua Bustani ya Mimea mwaka 1893 chini ya Profesa Stuhlmann, kujaribia mazao ya biashara. Bustani ipo mpaka leo, imepunguzwa pande zote, lakini ukiingia mle joto linashuka na makelele yanabaki nje. Ng'ambo yake ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano.

Baada ya miti ikaja sanamu. Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita vya kuwapiga watu wa pwani wakati wa Abushiri na kisha akawa gavana, alisimamishwa kwa shaba pale katikati ya mji, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliing'oa sanamu ile. Ikafika London, ikarudishwa Ujerumani, ikasimikwa Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Safari ndefu kwa kipande cha shaba.

Mwaka 1927 Waingereza wakaweka yao: Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Safari hii hakuna mzungu juu ya jiwe. Ni yule askari peke yake, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi waliobeba Vita Kuu ya Kwanza mabegani, wakafa kwa maradhi na njaa kwa maelfu na maelfu, kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo, mahali walipopigiwa kambi. Wanafunzi wa siku hizi hupiga picha na Askari bila kujua alichukua kiti cha nani. Siwalaumu, hakuna kibao kinachowaambia.

Marehemu baba yangu alikuwa tarishi katika ofisi moja ya Acacia Avenue. Asubuhi alitoka Kariakoo kwa miguu, akakatiza uwanja wa Mnazi Mmoja, akaingia mjini. Jioni akarudi njia ile ile. Ule uwanja tunaoupenda kwa mikutano na sherehe uliachwa wazi na wakoloni makusudi, uwe mpaka kati ya Waafrika upande mmoja na Wahindi na Wazungu upande mwingine, kwa kisingizio cha afya. Baba hakuwa na pa kukaa mjini. Mkahawani asingeingia, na ofisini tarishi alikaa pale tu alipoitwa. Alichokuwa nacho ni ngazi ya duka moja lililokuwa na baraza, upande wenye kivuli. Matarishi wa ofisi zote walikutana pale, bahasha kwapani, wakipeana habari za nani kaajiriwa na nani kafukuzwa. Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee, hakuwafukuza. Baba alisema yule mzee alijua kuwa kila tarishi ana bosi, na kila bosi ana mke anayenunua vitambaa.

Hizo baraza ndizo ninazotaka mwangalie. Nyumba za zamani za Samora na mitaa inayoikata zilikuwa na duka chini na familia juu, na sehemu ya juu ilitokeza ikafunika njia ya waenda kwa miguu. Miaka ya 1950 na 1960, mafundi wa majengo ya kisasa walipoleta zege, hawakuitupa hekima ile. Waliweka mapaa membamba ya zege juu ya milango ya maduka, na madirisha ya juu wakayavika vikinga jua vya zege vilivyopangwa kama masega. Mvua ya masika ikinyesha uliweza kwenda mbali ukiruka kutoka paa hadi paa, ukalowa viatu tu. Majengo hayo watu wengi huyaona mabovu, meusi kwa ukungu, hayana umaridadi. Mimi nimeyafanyia kazi ndani kabla ya viyoyozi, na nakwambieni yanapumua.

Uhuru ulipokuja jiji likajengewa Mnara wa Saa, mwisho ule mwingine wa barabara, kukumbuka kupandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 1961. Basi Samora ikapata vichwa viwili: saa upande wa Mnazi Mmoja, bustani upande wa Ikulu, na Askari katikati. Hoteli ya New Africa, iliyorithi mahali pa Kaiserhof ya Wajerumani, ikawa kijiwe cha dunia nzima. Wapigania uhuru wa kusini, mabalozi, waandishi na mashushushu walikaa barazani wakinywa bia baridi na kusikilizana. Jumapili jioni familia zilivaa, zikaenda sinema, na kabla au baada ya filamu zikatembea tu polepole zikitazama vioo vya maduka. Watoto wa Kariakoo nao walikuja. Hakuna aliyehitaji kununua kitu ili awe na sababu ya kuwa pale.

Aprili 1971 ikatoka sheria ya kutaifisha majengo: nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Samora na mitaa ya Uhindini iliguswa kuliko mahali pengine popote. Nilipoanza kazi, barua kwa Msajili zilikuwa nusu ya chapa zangu. Bomba limepasuka. Paa linavuja. Ngazi imeoza. Kodi ilikuwa ndogo, na fedha ya kukarabati ikawa ndogo zaidi, kwa hiyo jibu lilikuwa lile lile mwaka hadi mwaka: suala lako linashughulikiwa. Wapo wanaosema utaifishaji ndio ulioua katikati ya mji. Nusu ya ukweli ndiyo hiyo. Nusu nyingine ni kwamba kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha ya kukarabati, hakuna pia aliyekuwa na fedha ya kubomoa. Majengo yale yalilindwa na ufukara wetu kwa karibu miaka 30.

Miaka ya mwanzo ya 1980 sitaki kuikumbuka sana. Vioo vya maduka vilibaki, ndani hamna kitu. Duka kubwa la nguo limepanga makopo ya dawa ya viatu, yote ya rangi moja. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na hata waliokuwa na kitu wakakificha. Lakini barabara haikufa. Watu bado walikuja kusoma vichwa vya magazeti yaliyoanikwa chini, kungoja basi, kuuliza foleni ya sukari iko wapi leo.

Kisha Rais Mwinyi akasema ruksa, na bidhaa zikarudi kwa mlango mwingine: mabegani mwa vijana. Wamachinga walijaa Samora wakiuza mikanda, saa, vitana na chaja. Wauza vitabu vya mitumba walitandaza maturubai. Nilinunua pale kamusi mbili, vitabu vya sheria vyenye mihuri ya maktaba za Uingereza, na riwaya nyingi za Kiswahili ambazo maduka hayakuwa nazo tena. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikaziba mashimo, ikaondoa takataka, na vibanda navyo vikaondolewa. Tukashangilia barabara safi. Baada ya muda vijana wakarudi, kwa kuwa wateja hawakuhama.

Lililofuata ndilo lililoumiza kweli. Fedha ya kubomoa ikapatikana. Ghorofa mbili zikawa kumi na tano, na jengo jipya mara nyingi halina baraza wala paa la kumkinga mpita njia. Lina ukuta wa kioo na maegesho ya magari mahali palipokuwa na duka. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, mtaa wa jirani kabisa, liliporomoka na kuua watu 36. Salamander, jengo la mgahawa kwenye kona ya Mkwepu, pale ulipoweza kukaa nje na kikombe kimoja cha chai ukatazama mji unapita, limevunjwa. Wakati huo huo wenye magari wakajifunza kwenda Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006, na kuanzia 2016 wizara zikahamia Dodoma kweli kweli, baada ya uamuzi uliokaa kwenye karatasi tangu 1973. Watumishi wa serikali walikuwa ndio wanywaji wa kahawa wa Samora, wanunuzi wa magazeti, wateja wa mafundi viatu. Wakaondoka na mafaili yao.

Oktoba 2021 Wamachinga waliondolewa barabarani nchi nzima. Nilishuka mjini siku chache baadaye. Nakiri njia zilikuwa pana, na mzee mwenye magoti kama yangu alipita bila kukanyaga maturubai. Lakini niliona pia ya chini ambayo bidhaa zilikuwa zimeyafunika. Kila mwenye jengo amejenga kipande chake cha njia apendavyo. Mmoja kainua hatua mbili ili maji yasiingie dukani, jirani yake kaweka marumaru inayong'aa, ambayo ikilowa inateleza vibaya, anayefuata kaacha zege lililopasuka na mfuniko wa mtaro umeibwa. Unapanda, unashuka, unaruka. Aliye kwenye kiti cha magurudumu hana la kufanya ila kushuka barabarani kupambana na bodaboda. Hakuna rangi ya ukuta inayotibu hilo.

Pale karibu na Askari yupo muuza kahawa ninayemjua siku nyingi, mtu wa makamo sasa, birika lake juu ya jiko la mkaa, vikombe ndani ya ndoo ya maji, kashata kwenye sahani ya plastiki. Mara ya mwisho nilimkuta upande ambao sijamzoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umehamia huku?"

"Nafuata kivuli, mama. Kule wamekata mti. Mteja hanywi kahawa juani, na akinywa amesimama haongei, anaondoka."

"Na mgambo je?"

"Mgambo nao wanapenda kivuli," akasema, akanimiminia.

Nimesoma michoro mingi ya kuboresha miji katika maisha yangu ya kuchapa, na sijawahi kuona iliyosema jambo hilo kwa uwazi ule. Michoro huwa na taa za mapambo, mabenchi ya chuma yaliyowekwa jua kali, na miti midogo ya mapambo isiyokinga hata paka. Watu kwenye picha wanatembea tu. Hakuna anayeuza, hakuna anayesubiri, hakuna aliyekaa ngazini na bahasha kwapani.

Sisemi haiwezekani. Ng'ambo ya maji, kule Unguja, bustani ya Forodhani ilijengwa upya na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, mitaro na taa zikawekwa, miti mikubwa ikaachwa, na wachoma mishikaki na wauza urojo wakarudi jioni kwenye nafasi zao. Yapo ya kulalamikia pale, bei mojawapo, lakini nenda saa moja usiku uone kama wenyeji wameikimbia. Hapa Dar kwenyewe mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016; yanashuka Morogoro Road, yanaikata Samora na kwenda Kivukoni kupitia Sokoine Drive. Maana yake maelfu ya watu wa Kimara na Magomeni wanashushwa kila siku mwendo mfupi tu kutoka kwenye barabara kuu ya zamani. Wateja wamerudishwa mlangoni. Wanachokosa ni njia ya kutembea kutoka kituoni bila kuungua jua na bila kuvunjika mguu.

Watu wa urithi wa majengo, walioweka kituo chao pale Boma la Kale, wamefanya kazi nzuri ya kuandika na kuonyesha nyumba zilizobaki. Nawaunga mkono. Ila naogopa tukiishia kulinda sura za mbele tu, tukampaka mtu poda hali ana njaa. Nyumba ya Samora ililindwa na duka la chini na familia ya juu. Ukiwaondoa wote, ukabakiza ukuta wenye nakshi na ofisi ya benki inayofungwa saa kumi, saa kumi na mbili jioni utakuwa na barabara ya walinzi.

Kwa hiyo naomba, kama yuko afisa wa mipango miji anayesoma haya, na najua wapo maana mmoja wao ni mpwa wangu. Kabla ya kununua taa, sawazisheni njia ya waenda kwa miguu kutoka Mnara wa Saa mpaka Bustani ya Mimea, iwe kimo kimoja, na mitaro ifunikwe kwa mifuniko isiyouzika kwa chuma chakavu. Pandeni miti ya kivuli cha kweli, na atakayekata mmoja apande mitatu na kuimwagilia maji mpaka ishike. Kila jengo jipya lilazimishwe kuwa na paa juu ya njia, kama yale ya 1960, na chini liwe na maduka madogo yenye milango, wala si ukuta wa kioo. Wapeni wauza vitabu, wauza magazeti, mafundi viatu na wauza kahawa nafasi zao kwenye mchoro, kwa vipimo, kabla zege halijamwagwa. Na pale chini ya Askari wekeni kibao kinachoeleza Wissmann alikuwa nani na alikwenda wapi. Hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote. Mnaweza kuanza nacho wiki ijayo.